Shajara ya mradi: laptopu ya FreeBSD iliyopoteza grafiki

Jumamosi asubuhi: ilivyofika

Mashine ni laptopu ya rafiki yangu, ina chipu ya Intel HD Graphics 620 na mfumo endeshi wa FreeBSD 14.2. Malalamiko yake ni mafupi. Ikiwashwa, maandishi ya mwanzo yanapita vizuri, kisha skrini inapepesa, inakuwa nyeusi, inapepesa tena, na dirisha la kuingilia halitokei. Anataka vitu vitatu virudi: desktopu inayochorwa na chipu ya grafiki badala ya kuichosha prosesa, skrini ya pili kupitia HDMI, na mashine kulala kifuniko kikifungwa na kuamka kikifunguliwa. Naandika kwa ajili yake na kwa yeyote atakayeishika baada yangu, ndiyo maana amri naziacha kama zilivyo.

Kupepesa kule si ugonjwa wa skrini. LightDM (programu ya dirisha la kuingilia) inaanzisha Xorg (programu inayopanga skrini na madirisha), Xorg inaanguka, LightDM inaianzisha tena. Ukiwa na programu inayokufufulia maiti kila baada ya sekunde chache huwezi kuchunguza chochote, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kunyamazishwa. Kwenye menyu ya kuwashia nilichagua 2, yaani hali ya mtumiaji mmoja, kisha:

```
mount -u /
zfs mount -a
sysrc lightdm_enable=NO
sysrc kld_list=""
sysrc sshd_enable=YES
```

Kabla ya kuifuta `kld_list`, orodha ya moduli (vipande vya ziada vya kerneli, kiini cha mfumo) zinazopakiwa mashine ikiwaka, niliitazama. Ndani yake kulikuwa na `i915kms`, draiva ya grafiki ya Intel, peke yake, hivyo hakuna kingine kilichopotea. Hapa pia ndipo faida ya kuipakia draiva ya grafiki kutoka `/etc/rc.conf` inapoonekana. Hali ya mtumiaji mmoja haisomi faili hilo, kwa hiyo hata moduli ikiwa mbovu kiasi cha kugandisha mashine nzima, mlango wa kuingilia unabaki wazi. Ukiiweka kwenye `/boot/loader.conf` unaweza kujifungia nje mwenyewe.

SSH, mlango wa kuingia kutoka kompyuta nyingine, si anasa. Kazi ya grafiki ina tabia ya kukuachia kioo cheusi, na kioo cheusi hakisemi kama kerneli imekufa au ni taa ya skrini tu imezimika. Ukiweza kuingia kutoka kompyuta nyingine, jibu unalo.

Jumamosi mchana: ngazi zenyewe

Kabla sijagusa kitu, naweka hapa mpangilio ninaoufuata. Chini kabisa ipo chipu. Juu yake ipo moduli ya kerneli, `i915kms`, pamoja na famwea, programu ndogo zinazopakiwa ndani ya chipu. Moduli ikifanikiwa, inazaa vifaa chini ya `/dev/dri`. Juu ya hapo wapo wawili wanaovitumia: Xorg, inayopanga skrini na madirisha, na Mesa, inayotafsiri OpenGL (lugha ambayo programu huombea michoro) kuwa kazi ya chipu. Kila ngazi inasimama juu ya mwenzake wa chini, na ikikosekana, wa juu hupiga kelele kwa lugha yake mwenyewe. Xorg ikisema haioni skrini yoyote, mara nyingi haina kosa. Inatangaza msiba wa jirani wa chini.

Watu wengi huanzia juu. Wanatafuta `xorg.conf` ya mtu mwingine, wanaibandika, wanawasha upya, wanabadilisha mstari mmoja, wanawasha tena. Huko ni kupaka rangi ukuta unaovuja maji.

Kuna historia kidogo inayoeleza kwa nini ngazi ya kerneli ndiyo inayosumbua zaidi kwenye FreeBSD. Zamani Xorg yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiishika chipu moja kwa moja, ikiendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Baadaye kazi ya kupanga skrini ikahamishiwa ndani ya kerneli. Kwenye Linux draiva ya Intel ilipata uwezo huo mwaka 2009, na FreeBSD ikafuata na toleo la 9.1 mwishoni mwa 2012. Siku hizi draiva haiandikwi upya kwa FreeBSD. Msimbo wa Linux unachukuliwa jinsi ulivyo na kuendeshwa juu ya tabaka liitwalo LinuxKPI, linalojifanya kerneli ya Linux. Hata jina la kifurushi linasema: `drm-61-kmod` ni draiva za Linux 6.1, `drm-515-kmod` ni za 5.15. Mpango huu umeokoa kazi nyingi, ila una gharama. Moduli hizi zinategemea viungo vya ndani vya kerneli ambavyo havijaahidiwa kubaki vilevile kutoka toleo dogo moja hadi jingine. Kwa programu ya kawaida, kivinjari kwa mfano, tofauti ya 14.2 na 14.3 haina uzito. Kwa moduli ya grafiki ina uzito mkubwa.

Jumamosi jioni: ngazi ya kwanza imekataa

Chipu inaonekana:

```
# pciconf -lv | grep -A4 vgapci
vgapci0@pci0:0:2:0: class=0x030000 rev=0x02 hdr=0x00 vendor=0x8086 device=0x5916
```

0x8086 ni Intel, 0x5916 ndiyo HD 620. Vizuri. Nikapakia moduli kwa mkono kupitia SSH, `kldload i915kms`, na `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ikajibu:

```
KLD drm.ko: depends on kernel - not available or version mismatch
linker_load_file: /boot/modules/drm.ko - unsupported file type
```

Mstari wa pili umewapoteza wengi. Unasema aina ya faili haikubaliki, mtu anadhani faili limeharibika, anaondoa kifurushi na kukisakinisha upya, anapata kilekile. Faili ni zima. Ukweli uko kwenye mstari wa kwanza: moduli inadai kerneli ya toleo ambalo halipo hapa. Cha kufanya ni kulinganisha pande mbili.

```
# uname -K
1402000
# pkg info -x drm-61-kmod
```

Kwenye jibu la amri ya pili, jina la kifurushi lina 1403000 katikati ya namba zake. Namba hiyo ndiyo kerneli iliyotumika kukikompaili. Kerneli inayokimbia ni ya 14.2, moduli imetengenezwa kwa 14.3. Moduli ya zamani kwenye kerneli mpya ndani ya tawi lilelile la 14 inaweza kupokelewa mlangoni na kuleta balaa baadaye, lakini moduli mpya kwenye kerneli ya zamani inakataliwa palepale. Ndicho tulichokiona.

Ilifikaje huko? Vifurushi vya kawaida vya tawi la 14 hukompailiwa kwenye toleo dogo la zamani kuliko yote ambalo bado linahudumiwa. FreeBSD 14.2 iliacha kuhudumiwa mwishoni mwa Septemba 2025, vifurushi vikahamia 14.3, na laptopu hii ikabaki nyuma. Kwa kawaida `pkg`, programu ya kusakinisha vifurushi, hugoma hali hiyo ikitokea. Inakuambia kifurushi ni cha FreeBSD mpya kuliko yako na kukuuliza kama uipuuze hitilafu. Hapa haikugoma, kwa sababu ndani ya `/usr/local/etc/pkg.conf` kuna `IGNORE_OSVERSION = yes`. Nilimpigia mwenyewe. "Ndugu yangu," akasema, "ilikuwa inanikatalia kila nikisasisha, nikaiambia ikae kimya." Ikakaa kimya kweli.

Mstari huo nimeufuta.

Jumapili: kupandisha mfumo

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kukompaili moduli kutoka kwenye porti (maelekezo ya FreeBSD ya kujenga programu kutoka msimbo) dhidi ya msimbo wa 14.2, ambayo ingefanya kazi lakini ingeiacha mashine kwenye toleo lisilopata marekebisho ya usalama. Ya pili, kupanda 14.3. Sikuwa na haja ya kufikiri sana.

```
bectl create kabla-ya-143
freebsd-update -r 14.3-RELEASE upgrade
freebsd-update install
shutdown -r now
freebsd-update install
```

`freebsd-update` ya siku hizi hutengeneza yenyewe mazingira ya kuwashia, yaani nakala ya mfumo unayoweza kuirudia, kabla ya kusakinisha, lakini napenda langu liwe na jina ninalolielewa. Kwa mpangilio wa kawaida wa ZFS, mfumo wa faili wa mashine hii, `/boot/modules` na `/usr/local` zote zimo ndani ya mazingira hayo, kwa hiyo kurudi nyuma kunarudisha kerneli, moduli na Xorg kwa pamoja. Kwa anayehangaika na draiva za grafiki hiyo pekee ni sababu tosha ya kutumia ZFS.

Kuna jambo lililohitaji jicho. Tangu 14.2, mradi wa FreeBSD una hazina ya pembeni, `FreeBSD-kmods`, yenye moduli za kerneli tu, zilizokompailiwa kwa kila toleo dogo peke yake. Imekuja kumaliza tatizo hilihili. Kwenye mashine hii haikuwepo: `/etc/pkg/FreeBSD.conf` lilikuwa faili la enzi za 14.0, na `pkg query %R drm-61-kmod` ilithibitisha moduli ilitoka hazina ya kawaida. Nimeweka faili linalokuja na 14.3, kisha:

```
pkg update -f
pkg install -f -r FreeBSD-kmods drm-61-kmod
fwget
```

`fwget` inaangalia vifaa vilivyomo ndani ya mashine na kusakinisha vifurushi vya famwea vinavyohusika. Hapa ilileta cha Kaby Lake, familia ya chipu hii. Zamani mtu alisakinisha famwea za chipu zote duniani ili apate moja.

Sasa `kldload i915kms`. Skrini ikazima kwa muda mfupi, ikarudi na herufi ndogo zaidi, maana konsoli imehamia kwenye pikseli halisi za kioo. Anayeiona mara ya kwanza hushtuka. Ndiyo dalili njema kuliko zote.

```
drmn0: <drmn> on vgapci0
[drm] Finished loading DMC firmware i915/kbl_dmc_ver1_04.bin (v1.4)
[drm] Initialized i915 1.6.0 20201103 for drmn0 on minor 0
```

Ngazi ya kerneli imesimama. `sysrc kld_list=i915kms`, lakini LightDM bado imelala. Majaribio ya Xorg nafanya kwa `startx`, ikianguka inaniachia terminali na maneno yake ya mwisho.

Jumatatu usiku: inawaka, lakini nzito

Xfce, desktopu yenyewe, imefunguka. Dirisha likivutwa linaacha mikia, na feni inapiga kelele video ndogo tu ikichezwa. Kifurushi cha `mesa-demos` kina `glxinfo`, na jibu lake linatosha:

```
$ glxinfo -B | grep renderer
OpenGL renderer string: llvmpipe (LLVM 19.1.7, 256 bits)
```

`llvmpipe` maana yake Mesa imekata tamaa na chipu, kila pikseli inapigwa hesabu na prosesa. Hapa ndipo `/var/log/Xorg.0.log` inapostahili kusomwa taratibu. Watu hutafuta `(EE)` peke yake, wasiipate, wakaona hakuna kosa. Alama nyingine zina habari vilevile. `(==)` ni mpangilio wa kawaida ambao hakuna aliyeugusa. `(--)` ni kilichogunduliwa kwenye kifaa. `(**)` ni amri iliyotoka kwenye faili la mipangilio, yaani kuna binadamu aliyeiandika. Mashine ikiwa imepita mikononi mwa mtu mwingine, mimi huanza na hiyo.

```
(**) modeset(0): Option "AccelMethod" "none"
(**) modeset(0): glamor disabled
(II) IGLX: Loaded and initialized swrast
```

Mistari mitatu, kisa kizima. Ndani ya `/usr/local/etc/X11/xorg.conf.d/` kulikuwa na faili `20-intel.conf` linaloiamuru draiva ya `modesetting` isitumie uharakishaji wowote. Bila shaka liliwekwa wakati wa kuhangaika, kwa ushauri uliokuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Nimelihamisha nje ya folda. Halihitaji mbadala: `modesetting` imo ndani ya Xorg yenyewe tangu toleo la 1.17 la mwaka 2015, na kwa chipu hii inajipata bila faili lolote. Draiva ya zamani, `xf86-video-intel`, ipo bado kwenye vifurushi, ila sioni sababu ya kuiita.

`startx` tena:

```
OpenGL renderer string: Mesa Intel(R) HD Graphics 620 (KBL GT2)
```

Mwenye mashine alikuwa pia amefungua akaunti mpya kujaribu kama shida iko kwenye faili zake za nyumbani. Kwenye akaunti hiyo `llvmpipe` ikarudi, ikisindikizwa na malalamiko ya kunyimwa ruhusa ya kufungua `/dev/dri/card0`. Mtu akipiga `ls -l /dev/dri` anaona ruhusa zinazotia moyo, kumbe hizo ni za kiungo tu kinachoelekea `/dev/drm/0`. Tumia `ls -lL` uone kifaa chenyewe: ni cha root na kundi la `video`, wengine hawana chao. Ni `pw groupmod video -m` na jina la mtumiaji, kisha kutoka na kuingia upya, kwa sababu kikao kilichokwisha funguliwa hakijui habari za kundi jipya.

Jumanne: HDMI na video

HDMI haikuhitaji lolote: `xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of eDP-1`. Kwa video nimeweka `libva-intel-media-driver`, `vainfo` inaorodhesha miundo ya video ya H.264 na HEVC, na `mpv --hwdec=vaapi` imetuliza feni.

Alhamisi: usingizi

Nililitarajia hili. `sysctl hw.acpi.supported_sleep_state` inaonyesha S3, usingizi unaoacha kazi ndani ya RAM, ipo, na hiyo ni bahati. Laptopu nyingi mpya zimeiacha S3 na kutegemea usingizi wa aina nyingine ambao FreeBSD 14 haina. Amri `acpiconf -s 3` inailaza vizuri. Ikiamshwa, taa ya kibodi inarudi, kioo kinabaki cheusi.

Nikatenga sababu kwa kupunguza tabaka. Kwanza nikailaza kutoka kwenye konsoli, Xorg ikiwa haijaanzishwa kabisa: weusi uleule. Basi Xorg, Xfce na kilinda skrini chake wametoka kwenye orodha ya washukiwa kwa pigo moja. Kisha SSH: inaingia, `dmesg` haina kosa la i915, mashine ni nzima. Nikaelekeza tochi ya simu kwenye kioo kwa mshazari na herufi za konsoli zikaonekana kwa mbali, kijivu juu ya nyeusi. Picha ipo. Kilichokosekana ni taa ya nyuma.

```
# backlight
brightness: 0
# backlight 60
```

Kioo kikawaka papo hapo. Zana hii, `backlight`, imo ndani ya mfumo wenyewe tangu FreeBSD 13. Kwa sasa nimeuongeza mstari wa `backlight 60` ndani ya `/etc/rc.resume`, kabla ya `exit 0` yake ya mwisho, faili linaloendeshwa kila mashine inapoamka, na `hw.acpi.lid_switch_state=S3` kwenye `/etc/sysctl.conf` ili kifuniko kifanye kazi yake. Hicho ni kiraka, nakiri waziwazi: kinarudisha mwangaza wa 60 hata kama mtumiaji alikuwa na 20. Lakini kinafanya kazi ndani ya Xorg na nje yake, na hakigusi draiva.

Jumamosi: kumeta

Mwenyewe ameitumia kutwa. Lalamiko moja tu limebaki: akisoma ukurasa usiosogea, kioo humeta mara moja moja, akisogeza kipanya kinatulia. Skrini ya HDMI haimeti kamwe.

Maelezo hayo yanaelekeza mahali pamoja. Kioo cha laptopu kina kumbukumbu yake ndogo, na picha isipobadilika i915 huacha kutuma pikseli na kukiachia kioo kijichoree chenyewe ili kuokoa betri. Kuingia na kutoka kwenye hali hiyo ndiko kunakometa kwenye vioo fulani. HDMI haina mpango huo, ndiyo maana imetulia. Vigezo vya draiva vinaonekana kwa `sysctl compat.linuxkpi | grep i915`, na kinachohusika ni `enable_psr`. Husomwa moduli inapopakiwa, kwa hiyo mahali pake ni `/boot/loader.conf`:

```
compat.linuxkpi.i915_enable_psr=0
```

Nimewasha upya, nikaacha faili la maandishi wazi bila kugusa chochote, nikaendelea na kazi nyingine pembeni yake. Haijameta. LightDM nimeiwasha tena, na imefika kwenye dirisha la kuingilia bila kupepesa.

Yaliyobaki kwenye orodha: kuandika skripti fupi inayohifadhi mwangaza kabla ya kulala na kuurudisha uleule, iondoe ile 60 ya lazima, na kujaribu Sway pamoja na `seatd` kwenye mazingira mapya ya `bectl`, kwa kuwa ameuliza kuhusu Wayland, mfumo mbadala wa Xorg ambao Sway huutumia. Mazingira ya `kabla-ya-143` yanabaki hadi usingizi upite wiki bila kisa.